Taa na joto la mjusi wa ndevu anayefugwa Mwanza

SWALI

Ndugu Mshauri,

Nakusalimu kutoka Nyegezi, Mwanza. Ninakuandikia kwa ajili ya mjusi wa ndevu ambaye shemeji yangu alituachia alipohamishiwa kazi nchi nyingine, na ambaye watoto wangu wamempenda kiasi kwamba hawakubali kula chakula cha jioni kabla ya kuhakikisha kuwa naye amekula. Ni dume ambaye bado hajakomaa, na kutoka puani hadi ncha ya mkia anakaribia sentimita 40. Vibali vyake shemeji alinikabidhi, kwa hiyo upande huo sina shaka. Shaka yangu ni taa.

Anakaa katika tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60, ambalo tumeliweka sebuleni mbele ya dirisha kubwa linaloelekea ziwani ili apate jua. Juu tumelifunika kwa karatasi ngumu ya plastiki inayopitisha mwanga, kwa sababu mtoto wetu wa mwisho hupenda kuingiza mikono. Shemeji alikuwa na taa ndefu ya tyubu aliyokuja nayo kutoka Marekani, lakini fundi aliyetusaidia kuifunga aliichomeka ukutani moja kwa moja, ikatoa mlio na kuzima, na haijawaka tena. Tangu hapo tunatumia balbu ya LED ya wati 9 mchana, na usiku balbu nyekundu ya kulelea vifaranga ya wati 100, kwa kuwa niliambiwa kwamba mnyama wa nchi kame hawezi kustahimili baridi ya usiku, hasa kipindi hiki cha masika.

Mjusi mwenyewe hana raha. Anakula kidogo, asubuhi rangi yake huwa nyeusi, haupandi tena ule mti wake, na muda mwingi analala tumbo likiwa limegusa chini. Majuzi niliona vidole vya mguu wake wa nyuma vikitetemeka vyenyewe.

Ushauri ninaoupata unatofautiana. Jirani anasema niweke jiko la mkaa sebuleni asubuhi za mvua. Mdogo wangu anasema ninunue jiwe la umeme ambalo mjusi hulala juu yake. Mume wangu, ambaye pia anaitazama bili ya LUKU, anauliza kwa nini tusimwachie huru kwenye mawe, ikiwa mijusi wenye vichwa vyekundu wanaishi hapa bila taa yoyote. Naomba unieleze ni taa zipi hasa anazohitaji, ziwake kwa saa ngapi, na tufanye nini umeme unapokatika.

Mama wa Nyegezi

JIBU

Dada yangu wa Nyegezi,

Umeuliza kuhusu taa, lakini nitaanza na vile vidole vinavyotetemeka, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri hadi taa zinunuliwe. Mtetemo wa vidole, kuacha kupanda na kulala chini muda mrefu ni dalili zinazoonekana mara nyingi kwa mjusi ambaye mwili wake umepungukiwa kalsiamu. Mijusi wa aina hii hutengeneza vitamini D3 katika ngozi wanapopigwa na mionzi ya urujuanimno ya kundi liitwalo UVB, na vitamini hiyo ikikosekana, kalsiamu iliyomo katika chakula haifyonzwi ipasavyo. Hali hiyo ikiendelea, mwili huanza kuichukua kalsiamu kutoka kwenye mifupa yenyewe, taya likalainika, miguu ikapinda, na mwisho hata kutembea kukawa shida. Ugonjwa ukiwahiwa unaweza kuzuiwa, lakini mfupa uliokwisha kupinda kwa kawaida haunyooki tena.

Kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii, na umweleze bayana kwamba mjusi amekaa bila UVB tangu ile taa ya shemeji iungue. Mwombe ampime uzito kabla ya kumpa dawa yoyote, maana dozi ya kalsiamu hutegemea uzito, na mnyama mwepesi kama huyu anaweza kudhurika kwa kipimo kidogo tu cha dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Mpaka mtakapomwona daktari, watoto wambebe kwa kumkinga kifua na miguu yote, wala wasimwache arukie sakafuni.

Sasa nije kwenye dirisha, kwa sababu ndipo ninapoamini kwamba tatizo lilianzia. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga na sehemu kubwa ya joto, lakini huzuia karibu UVB yote. Mjusi wenu amekuwa akitazama jua la ziwani kutwa nzima bila kupata kile ambacho ngozi yake inakihitaji kutoka kwenye jua hilo. Ile karatasi ya plastiki iliyo juu ya tangi nayo huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, na zaidi ya hapo inafungia unyevu ndani, jambo ambalo kando ya ziwa, tena wakati wa masika, linamweka mnyama wa nchi kame mahali pasipomfaa. Zipo pia siku ambazo hatari ni kinyume chake: jua likichomoza baada ya mvua na kupiga tangi la kioo moja kwa moja, joto ndani yake linaweza kupanda kwa dakika chache hadi kiwango cha kuua. Liondoe tangi dirishani, liweke ukutani mahali penye hewa, na badala ya plastiki lifunike kwa wavu wa waya wenye matundu ya nusu inchi, wa aina inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Wavu huo ufungwe kwa kitasa ili mtoto asiufungue.

Mjusi wa ndevu anahitaji vitu vitatu ambavyo ni vema uvitenganishe katika mawazo yako: joto, UVB na giza. Balbu yenu ya LED inatoa mwangaza tu, na hiyo ya vifaranga inatoa joto, lakini inalitoa usiku, wakati ambao hakulihitaji, na papo hapo inamnyima giza. Mchana, wakati anapotaka joto ili chakula kisagike tumboni, halipati. Ile rangi nyeusi ya asubuhi inaeleza hivyo hivyo, kwa maana mjusi huyu huikoleza rangi ya ngozi yake ili anase joto zaidi, na mjusi anayeendelea kuwa mweusi kwa muda mrefu mara nyingi ama hajapata joto la kutosha ama ana msongo.

Balbu nyekundu izimwe usiku wa leo. Wengi huambiwa kwamba mijusi hawaoni mwanga mwekundu, na si kweli. Wanauona, na juu ya kichwa cha mjusi wa ndevu kuna jicho dogo la tatu linalotambua mwanga na kivuli hata akiwa amefumba macho mengine mawili. Asili yake ni maeneo kame ya ndani ya Australia, ambako usiku hupoa sana, na mjusi mwenye afya hustahimili nyuzi 18 za Selsiasi usiku bila madhara. Mwanza iko mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hushuka hadi karibu nyuzi 18 nje, huku ndani ya nyumba pakiwa na joto zaidi kidogo. Kwa hiyo hamhitaji kifaa chochote cha kupasha joto usiku. Nasisitiza hili kwa sababu ni gharama mnayoibeba kila usiku kwa jambo linalomuumiza mnyama.

Joto la mchana litoke kwenye balbu ya haloji, au balbu ya zamani ya nyuzi ikipatikana, yenye mwanga mweupe na nguvu ya kati ya wati 50 na 75. Ifungwe upande mmoja tu wa tangi, juu ya wavu, katika holda ya kauri, kwa sababu holda ya plastiki huyeyuka chini ya balbu inayowaka kutwa. Chini yake weka jiwe bapa la itale, ambalo Mwanza halihitaji kutafutwa mbali, nalo litakaa na joto vizuri. Lengo lako ni uso wa jiwe hilo ufikie nyuzi 38 hadi 42, wakati upande wa pili wa tangi ukibaki kati ya nyuzi 24 na 28.

Tofauti hiyo kati ya pande mbili ni muhimu kuliko idadi ya wati. Mjusi hana uwezo wa kutengeneza joto la mwili wake mwenyewe kama sisi, hivyo hulipanga kwa miguu yake: huota jua hadi atosheke, kisha hujiondoa. Mume wako amewataja mijusi wenye vichwa vyekundu, nami namshukuru, kwa sababu wao ni mfano bora mlio nao hapo karibu. Ni Agama mwanzae, walioelezwa kisayansi mwaka 1923, na wako katika familia moja na mjusi wenu. Ukienda Kisiwa cha Saanane asubuhi, au ukiyatazama mawe yoyote makubwa ya hapo Nyegezi, utawaona wakipanda juu ya mwamba jua linapopata nguvu, wakikaa wamejibandika, kisha wakirudi katika nyufa joto linapozidi. Tangi lako linatakiwa limpe mjusi uchaguzi huo huo. Akikaa chini ya taa na kupanua mdomo kwa muda, usiogope, ndivyo anavyopunguza joto. Lakini akiwa amepanua mdomo hata upande wa baridi, au akijibanza huko siku nzima, punguza wati au inua taa.

Usikisie joto kwa kiganja. Vile vipimajoto vinavyoelekezwa kwenye kitu bila kukigusa vinapatikana, lakini hakikisha unanunua cha kupimia vitu na si kile cha kupimia homa, ambacho husoma viwango vya mwili wa binadamu tu. Kielekeze kwenye jiwe baada ya taa kuwaka kwa saa moja, kisha upande wa pili. Ukipata uwezo, ongeza themostati, yaani kifaa kinachodhibiti taa ili joto lisipite kiwango ulichoweka, yenye kihisi kinachokaa karibu na jiwe, maana joto la sebuleni mchana wa kiangazi si sawa na la asubuhi ya Aprili.

Kuhusu UVB, hapa ndipo ningekushauri utumie fedha zako kabla ya kununua kitu kingine chochote. Tafuta tyubu nyembamba ya aina iitwayo T5, iliyoandikwa UVB asilimia 10 au 12, yenye urefu wa karibu nusu ya tangi au zaidi kidogo. Kwa tangi lenu ile ya wati 24, yenye urefu wa sentimita 55, inatosha. Inahitaji holda yake maalumu yenye kiakisi kinachorudisha mwanga chini. Balbu ndogo za UVB zilizojikunja sizipendekezi kwa mjusi wa ukubwa huu, kwa sababu huangaza eneo dogo mno. Kabla ya kulipia, soma maandishi yaliyo kwenye kifaa: yaseme volti 220 hadi 240 na hezi 50. Umeme wa Marekani ni wa volti 120, na kifaa kilichotengenezwa kwa umeme huo kikichomekwa kwenye volti 230 za kwetu huungua, jambo ambalo kwa maelezo yako ndilo lililoipata taa ya shemeji. Mpe fundi mwingine aichunguze, kwani huenda kilichoungua ni holda yake na tyubu ni nzima.

Tyubu ya UVB ifunge ndani ya tangi, chini ya wavu, upande ule ule wa jiwe la moto, ili mjusi anapoota joto apate na mionzi kwa pamoja, na anapokwenda upande wa baridi apate kivuli. Umbali kutoka kwenye tyubu hadi mgongoni mwake anapokuwa juu ya jiwe uwe kati ya sentimita 30 na 40, ukifuata jedwali la mtengenezaji lililo kwenye boksi iwapo linatofautiana na hivi. Ukiifunga juu ya wavu, elewa kwamba wavu hukata sehemu ya mionzi, na ule wavu mwembamba wa mbu hukata nyingi zaidi. Wala pasiwe na kioo au plastiki yoyote katikati.

Balbu yako ya LED usiitupe. Mchana ongeza mwangaza kwayo, kwa sababu mjusi huyu huwa mchangamfu zaidi mahali penye mwanga mwingi. Taa zote tatu ziwake saa moja asubuhi na kuzimwa saa moja jioni, ambao ndio mchana wa Mwanza karibu mwaka mzima, na chakula cha mwisho kiliwe angalau saa moja kabla ya kuzima ili kianze kusagika angali na joto.

Pamoja na taa hizo mnalo jua, na wafugaji wa nchi za baridi wangelitamani. Mwanza iko chini kidogo ya ikweta, na mionzi ya UVB ya nje ni mingi kuliko ya taa yoyote itakayowekwa sebuleni. Mtengenezeeni kizimba cha mbao na wavu wa waya, chenye nusu iliyofunikwa kwa kivuli, na mumtoe nje kwa dakika 20 hadi 30 siku ambazo hakuna mvua. Jua la utosi kwenu hufika karibu saa saba mchana, kwa hiyo muda unaofaa ni kati ya saa tatu na saa nne na nusu asubuhi, au kuanzia saa kumi alasiri. Kabla ya saa mbili jua bado liko chini na UVB yake ni ndogo. Kizimba kisiwe cha kioo, kiwe na mfuniko, na mtu mzima akae hapo muda wote, kwa sababu mwewe, kunguru na wale makorongo wakubwa wa mjini hawataacha kumwona, na siafu wakivamia hana pa kukimbilia. Mpaka tyubu itakapopatikana, haya matembezi ya jua, kwa idhini ya daktari, ndiyo yatakayomsaidia.

Kuhusu jiko la mkaa, nakuomba sana usiliwashe ndani. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, yenye sumu na isiyo na harufu, nayo inaweza kuua watu waliomo chumbani pamoja na mjusi. Jiwe la umeme nalo liache. Mijusi hutambua joto linalotoka juu kuliko linalotoka chini ya tumbo, na wengi wameungua tumbo wakiwa wamelala juu ya mawe hayo bila kuhama.

Umeme ukikatika kwa saa chache, usihangaike. Kwa hali ya hewa ya Mwanza mjusi atapoa na kutulia, na umeme ukirudi ataota. Ukikatika asubuhi hadi jioni, mpe chakula kidogo tu au usimpe kabisa, kwa kuwa wadudu walioliwa bila joto hukaa tumboni bila kusagika, na kama kuna jua, mtoe nje. Betri ya sola inaweza kuendesha tyubu ya wati 24 bila shida. Balbu ya joto ndiyo inayomaliza chaji haraka.

Mwambie mume wako pia hesabu hii. Balbu ya wati 75 kwa saa 12 ni uniti 0.9, na tyubu ni karibu uniti 0.3, yaani takriban uniti 36 kwa mwezi, na LED haiongezi kitu cha kuonekana. Ile balbu nyekundu ya wati 100 kwa saa 12 za usiku ilikuwa ikila uniti 36 peke yake. Mabadiliko haya, basi, hayataongeza bili, ingawa kama mko katika kundi la matumizi madogo lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, angalieni jumla ya nyumba nzima. Balbu ya wati 50 ikilifikisha jiwe kwenye nyuzi 38, tumieni hiyo.

Kumwachia kwenye mawe hapana. Mijusi wa hapo wamezaliwa wakiijua kila ufa wa mwamba, ilhali wenu hajawahi kumkwepa mwewe, na mnyama wa kigeni anaweza kuwapelekea wenyeji vimelea na magonjwa wasiyoyazoea. Ikitokea hamuwezi kuendelea naye, wasilianeni na maofisa wa wanyamapori mkiwa na vile vibali, wawaelekeze.

Mwisho, tyubu mpya ikifika, andika tarehe kwenye ncha yake kwa kalamu ya wino usiofutika. UVB hupungua kadiri miezi inavyopita huku mwanga unaoonekana kwa macho ukibaki vile vile, na tyubu nyingi za T5 hubadilishwa baada ya miezi 12 hata kama bado zinawaka. Agiza nyingine mwezi mmoja au miwili kabla, kwa sababu vifaa hivi mara nyingi huchelewa kufika Mwanza.